Shauri Langu Juu ya Hedifoni za Kariakoo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule ili nami nitoe shauri langu juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani hedifoni. Katika gazeti la muhula uliopita mwenzetu mmoja aliandika kwamba hedifoni ni anasa, kwamba mwanafunzi anayezivaa ni mvivu, na kwamba afadhali wazazi wasizinunue kabisa. Nimeyasoma maneno yake mara mbili. Katika sehemu moja namwunga mkono, kama nitakavyoonyesha mbele, lakini katika sehemu kubwa naona amekosea.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, nami hupiga gitaa la umeme. Twakaa Kariakoo katika nyumba ya kupanga, vyumba sita kwa ukumbi mmoja. Chumba kinachopakana na chetu kimepangwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ni ulinzi wa usiku. Hurudi asubuhi, hunywa chai, kisha hushughulika na mambo yake, na usingizi wake hasa ni wa alasiri mpaka magharibi. Nami nikitoka shule, saa hizo ndizo nilizo nazo za kupiga gitaa. Mwaka jana baba aliponinunulia gitaa lililokwisha tumika pamoja na amplifaya ndogo, nilipiga siku nne. Siku ya tano yule mzee alikuja mlangoni akamwambia mama kwa upole, “Mama, mtoto anajitahidi, wala sikatai. Lakini jana nimelala saa moja tu, na usiku nalinda mali ya watu.” Mama aliona haya sana. Gitaa liliwekwa juu ya kabati, likakaa huko miezi miwili bila kuguswa.

Basi, kwangu mimi hedifoni si pambo la shingoni. Bila hedifoni sina gitaa. Wako wengi kama mimi katika shule hii, maana nyumba nyingi za mjini zina ukuta mmoja kwa watu wawili, na mara nyingi juu kumeachwa wazi mpaka darini, hata kikohozi cha jirani chasikika.

Tena, mwenzetu anaposema ni anasa, yafaa akumbuke zilikotoka. Huko Marekani, mnamo mwaka 1910, mtu mmoja wa Utah aitwaye Nathaniel Baldwin alizitengeneza nyumbani kwake akaziuza kwa jeshi la majini, ili mabaharia wasikie ishara za redio zilizo dhaifu. Kilikuwa ni chombo cha kazi. Za kusikilizia muziki kwa masikio mawili zilikuja baadaye, mwaka 1958, alipozionyesha John Koss huko Milwaukee.

Sasa niingie katika jambo lenyewe, nalo ni kuchagua. Hapa nitasema makosa yangu bila kuficha, kwa sababu yamemgharimu baba fedha.

Mara ya kwanza nilikwenda mwenyewe mitaani, upande wa Msimbazi, na shilingi 12,000 mfukoni. Kijana mwenye meza alinivika hedifoni kubwa nyeusi akaweka wimbo wenye ngoma nzito, akasema, “Sikiliza besi hiyo, mdogo wangu! Sikiliza mwenyewe!” Kweli kichwa kilitikisika. Nililipa pale pale, hata bei sikupunguziwa. Nyumbani nilipochomeka katika amplifaya na kuanza kupiga, nyuzi tatu za juu zilikuwa kama zimefunikwa blanketi, na nyuzi za chini zilinguruma hata nisijue kama kidole kimekaa mahali pake au la. Baada ya majuma matano sikio la kushoto likanyamaza. Mara ya pili nilitoa shilingi 10,000 kwa hedifoni yenye jina la kampuni kubwa ya ng'ambo. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri juu ya sikio, ila kwenye boksi lilikosewa herufi moja. Mara ya tatu, kwa shilingi 18,000, nilinunua zisizo na waya. Habari zake nitazieleza hivi punde. Jumla ni shilingi 40,000, na mwisho wa yote sikuwa na hedifoni ya kupigia gitaa. Ile ninayoitumia sasa, ambayo ni mwezi wa kumi haijaharibika, nilinunua kwa shilingi 38,000.

Nadhani msomaji ameona hesabu. Lakini sisemi kwamba kitu ghali ndicho kizuri. Wako waliotoa shilingi laki moja na nusu wakapata besi ile ile. Nasema kwamba tatizo langu halikuwa fedha kwanza, lilikuwa kutojua nilichokuwa nakitafuta.

Tuanze na hiyo besi, maana ndiyo inayotuua. Uzi mzito wa gitaa, ukifungwa sawasawa, hutoa mitetemo kama 82 kwa sekunde. Gitaa la besi lenyewe hushuka mpaka 41. Hedifoni nyingi za bei ndogo zimetengenezwa ili zikuze sauti za chini sana, kwa sababu hizo ndizo zinazomvutia mtu anayejaribu kwa nusu dakika mtaani penye kelele. Lakini mpiga gitaa ahitaji kusikia katikati, mahali ambapo gitaa la solo na gitaa la rithimu hukutana. Besi ikijaa huficha makosa, na mtu anayejifunza asiposikia kosa lake atalirudia mpaka liwe tabia. Kwa hiyo kijana wa mezani akisema “ina besi hiyo”, mimi siku hizi nacheka, namwomba aondoe wimbo wake aweke wangu.

Wimbo wangu ni upi? Mimi hutumia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe za wakati wa Morogoro Jazz, kabla hajatoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano. Katika nyimbo zile magitaa yanazungumza, hili likiuliza lile likijibu, na chini yake besi inakwenda zake. Hedifoni nzuri hukuwezesha kufuata gitaa moja tu mpaka mwisho wa wimbo, kama unavyomfuata mtu mmoja kwa macho katika mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi. Hedifoni mbaya huyafanya magitaa yawe kitu kimoja. Huna haja ya kipimo kingine. Ila ujue kwamba nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa kwa mono, yaani masikio yote mawili husikia sawa, basi ili kujua kama kushoto na kulia kunafanya kazi tafuta na wimbo mmoja wa siku hizi.

Juu ya hedifoni zisizo na waya nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndizo zinazopendwa sana na wenzangu, nami sitaki wanichukie bure. Kwa kusikiliza muziki hazina ubaya. Ubaya ni kwa gitaa. Sauti ikipita katika bluetooth hufungwa, hutumwa, kisha hufunguliwa, na kazi hiyo huchukua muda. Katika hedifoni nyingi za kawaida muda huo ni kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde, pengine pungufu kidogo, pengine zaidi. Mtu atasema, hiyo ni nini? Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha kwamba sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.2, wapata mita 68. Maana yake, kupiga gitaa kwa hedifoni hizo ni sawa na kukaa katika goli moja huku amplifaya yako iko mbali kuliko nusu ya kiwanja, na wewe wangojea sauti ikufikie. Wapiga uzi, kimya, kisha wasikia. Mkono huchanganyikiwa, nao hupunguza mwendo ukingojea sikio, na sikio lazidi kuchelewa. Nilidhani mimi sina kipaji. Nilikaribia kuacha kabisa. Baba mdogo ndiye aliyenivua kile kidude kichwani akasema, “Mwanangu, huna kosa. Hiki ndicho kinachokuchelewesha.” Nilipochomeka ya waya siku ile ile, vidole vilirudi nyumbani.

Zipo zisizo na waya zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya gitaa, ambazo kuchelewa kwake hakuhisiwi, lakini bei zake si za mzazi mwenye watoto watano shuleni. Kwa hiyo shauri langu ni waya. Waya hautaki chaji, hauchelewi, tena haupotei upande mmoja ndani ya daladala.

Lakini waya nao una mambo yake. Tazama pini. Amplifaya nyingi zina tundu kubwa la milimita 6.35, na hedifoni nyingi zina pini ndogo ya milimita 3.5, hivyo utahitaji adapta. Adapta iwe ya stirio, yenye mistari miwili myeusi. Ukipewa yenye mstari mmoja, utaleta ugomvi dukani bure ukidai hedifoni imekufa upande mmoja, kumbe ni adapta. Na tafadhali, usichomeke hedifoni moja kwa moja katika gitaa. Nimewaona wawili wakifanya hivyo wakasema gitaa ni bovu. Umeme unaotoka katika gitaa ni mdogo mno, lazima upite katika amplifaya kwanza, au katika kile kidude kidogo cha betri kinachochomekwa kwenye gitaa lenyewe. Uzuri wa kuchomeka katika amplifaya ni kwamba spika yake kwa kawaida hunyamaza papo hapo, na jirani hasikii ila ule mkwaruzo wa nyuzi. Mwenye gitaa la kawaida la mbao hana haja ya haya yote, yeye anahitaji hedifoni kwa kusikiliza tu.

Kwenye boksi au kwenye hedifoni yenyewe mara nyingine huandikwa omu. Ukiona 32 au karibu yake, itafanya kazi katika simu na katika amplifaya ndogo. Ukiona 250, iache, hata ikiwa ni nzuri sana, maana hiyo ni ya studio na kwa simu yako itanong'ona.

Nimefika mahali ambapo namwunga mkono mwenzetu aliyeandika. Alisema hedifoni zitatuharibu masikio. Hapo hakukosea. Baba mdogo, niliyemtaja, alipiga solo katika bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila usiku dramu ilikuwa kushotoni kwake, na spika nyuma yake. Leo sikio la kushoto ni kama halipo, tena ndani yake kuna mlio usiokoma, wala daktari hakumpa dawa. Ukimwamkia shikamoo kutoka upande ule haitikii, na watu wasiomjua humwita mwenye kiburi. Yeye hucheka, lakini mimi najua humuuma. Zile nywele ndogo zilizo ndani ya sikio, ambazo hupokea sauti, zikisha kufa haziotei tena.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 katika juma, na kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa hizo hizo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa salama hukatwa nusu. Yaani mtoto akisikiliza kwa 84, saa zake 40 zimekwisha kuwa 5. Wala 84 si kelele ya ajabu kwa simu iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na mwenzetu. Yeye asema tuzitupe. Mimi nasema tuchague zile zinazoziba sikio. Fikirini mtu anayetoka Gerezani kwa miguu mpaka Uhuru. Jenereta zanguruma, kila duka lina spika inayotangaza bei, pikipiki zapiga honi, wapiga debe wanaita. Akiwa amevaa viafoni vya shilingi 2,000 visivyoziba kitu, afanyeje ili ausikie wimbo? Apandisha sauti juu ya kelele zote hizo. Kelele ya mtaa yamwingia, na wimbo juu yake. Lakini hedifoni iliyofungwa nyuma, yenye sponji linalozunguka sikio lote, hupunguza kelele ya nje, na hapo sauti ndogo yatosha. Zile zilizo wazi nyuma, ambazo wataalamu huzisifu kwa utamu wake, hazitufai watu wa Kariakoo. Zaleta mtaa ndani, na zatoa gitaa nje kwa yule mzee aliyelala.

(Njiani, hata hivyo, mimi sizivai kabisa. Pikipiki ya Kariakoo haina huruma, na mtu aliyeziba masikio hapaswi kuvuka Msimbazi.)

Basi ukienda kununua, nenda asubuhi, kabla ya kelele kujaa, na usiende peke yako kama wewe ni mgeni wa mambo haya. Maduka ya vifaa vya simu yamejaa upande wa Aggrey na Msimbazi. Zunguka matatu au manne kabla ya kutoa fedha. Ukivaa, kaa nazo dakika tano. Kama zabana dakika ya tano, saa ya pili utazichukia. Shika waya pale unapoingia katika pini, uutikise polepole huku wimbo ukiendelea, kisha pale unapoingia katika sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha. Uliza kama waya wachomoka, kwa maana waya ndio hufa kwanza, na hedifoni ambayo waya wake wachomoka hufufuliwa kwa shilingi elfu chache. Bonyeza sponji uone kama larudi. Na jina kubwa lisikutishe wala lisikuvute. Bidhaa bandia ni nyingi, na ingawa Tume ya Ushindani, ambayo watu huiita FCC, ina kazi ya kuzikamata kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, haiwezi kusimama kando ya kila meza. Hedifoni yenye jina dogo lakini la kweli yashinda yenye jina kubwa la uongo. Mwisho dai risiti ya mashine. Muuzaji aliyenipa risiti alinibadilishia adapta siku ya tatu bila maneno. Wale wawili wa kwanza, nilipowarudia, mmoja alisema hanikumbuki, na meza ya mwingine sikuiona tena.

Kwa wazazi nina neno moja. Msitupe shilingi 10,000 mara nne. Tuambieni tungoje miezi mitatu, tutangoja, kisha twendeni pamoja. Baba alipokwenda nami mara ya nne hakujua lolote la omu, lakini aliuliza maswali ambayo mimi niliona haya kuuliza, na bei ilishuka kutoka 50,000.

Na kwa walimu wetu. Najua kwa nini hedifoni huwatia wasiwasi, ni kwa kuwa huja pamoja na simu, na simu shuleni hairuhusiwi. Sheria hiyo naikubali. Lakini hedifoni ya waya haihitaji simu. Nasikia kamati inafikiri kununua spika moja kubwa kwa ajili ya chama cha muziki. Spika hiyo itafaa siku ya mahafali, siku moja. Siku zilizobaki itafungiwa stoo, kwa sababu chumba cha muziki kimepakana na maktaba, na kila tukigusa uzi twafukuzwa. Kuna kisanduku kidogo cha kugawa sauti chenye matundu manne, kila tundu na kitufe chake cha kuongeza na kupunguza. Kwa kisanduku hicho, amplifaya tuliyo nayo, na hedifoni nne za bei kama yangu, wanafunzi wanne wangekaa wakasikia gitaa la mwenzao mmoja na makosa yake yote, wakipokezana, na anayesoma maktaba asijue. Spika ya mahafali yaweza kukodiwa. Namwomba Mwalimu wa muziki alipeleke jambo hili mbele ya kamati kabla fedha hazijatoka.

Baba mdogo alijifunza kwa santuri, akiirudisha sindano mahali pale pale mara mia mpaka mkono ukamjibu. Jumapili hii alikuja kwetu, nikampa hedifoni yangu asikilize. Alizigeuza ili upande mzuri ukae katika sikio zima, akapunguza sauti niliyokuwa nimeiweka, akafumba macho mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaniuliza mzee wa chumba cha pili amelala au yu macho. Nikamwambia amelala. Akasema, “Basi lete gitaa.”

Hedifoni hiyo huwa naileta katika chumba cha muziki kila Jumatano baada ya vipindi. Anayetaka kuijaribu kabla ya kwenda kununua yake na aje, ila aje na wimbo anaoujua.

Mimi,
Mpiga Gitaa wa Kidato cha Tatu